Mlinzi wa Wali wa Jumapili

Shuleni kwetu tulikuwa na dini na madhehebu matano, na wali mara moja kwa wiki. Kila mgeni rasmi aliyewahi kutuhutubia alisema kinachotuunganisha ni uzalendo. Nasikitika kumsahihisha mgeni rasmi. Kilichotuunganisha ni wali wa Jumapili. Siku nyingine zote tulikula ugali na maharage kwa uvumilivu, na Jumapili kila mmoja wetu alikumbuka kwa nini ameumbwa.

Shule iko juu ya Ibaba, kwenye milima ya Ileje, mahali ambapo asubuhi unaiona pumzi yako ikikutangulia darasani. Mimi, Nesta, ni mtoto wa Tunduma. Nimekulia kwenye vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na siku ya kwanza nilipofika kule juu nilidhani kuna mtu ameacha mlango wa friji wazi. Nalitaja hili la baridi kwa makusudi, maana bila baridi haya yote yasingetokea. Kule chakula hakingoji mtu. Ugali ukikaa kidogo unakuwa tofali, na maharage yanavaa utando kama maziwa.

Na kwetu chakula kilipakuliwa kwanza, ndipo kikaombewa. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianzishwa na nani. Clement, kiongozi wa Wapentekoste, aliwahi kutueleza kwamba mtu hawezi kuombea kitu asichokiona, kauli iliyonishangaza kidogo ikitoka kwake. Basi bwalo zima lilisimama mbele ya sahani zake, macho yamefumbwa, na mwanafunzi mwenye zamu akaomba.

Wanasema zamani sala zilikuwa fupi. Balaa lilianza siku Clement aliposhukuru kwa chakula, akaliombea taifa, akawaombea wajane, watahiniwa, madereva wa malori na mvua za vuli, na alipofika kwenye maharage yalikuwa yameshapoa. Damiano, kiongozi wa Wakatoliki, hakutaka watu wake waonekane wavivu. Zamu yake ilipofika aliwaita watakatifu mmoja mmoja, na ilielekea anafahamiana na wengi. Gloria wa Wamoraviani akaimba wimbo, beti zote. Tumaini letu likabaki kwa Zuberi, kiongozi wa Waislamu, ambaye siku zote alisema "Bismillahi" akakaa, na kwa ajili hiyo alipendwa na watu wa imani zote. Lakini naye vijana wake wakamweka kikao, wakamwambia ufupi wake unaitia dini aibu. Akaanza dua inayowapitia manabii kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Tukawa shule ya wacha Mungu wanaokula ugali wa baridi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu wa kwanza kulalamika angeonekana ndiye mwenye imani ndogo.

Ndipo zamu ikafika kwenye meza yetu, kwa Gwalugano.

Gwalugano alikuwa kidato cha nne, kijana wa Ikinga, mrefu, mwenye sweta la kijani lililotobolewa na cheche za moto kwenye mikono. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimama, akaitazama sahani yake, akatutazama na sisi, akasema:

"Karibuni chakula."

Akakaa.

Bwalo zima likabaki limesimama na macho yake yaliyofumbwa, likisubiri mwendelezo. Mimi nikafumbua jicho moja, nikaona mvuke unapanda kutoka kwenye sahani yangu. Tangu nije milimani sikuwa nimeuona mvuke wa ugali. Nikasema "Amina" kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa, nikakaa. Watu wakisikia Amina hawaulizi imetoka wapi. Wote wakaitikia, wakakaa, na jioni ile shule nzima ikala chakula cha moto.

Mwalimu Yesaya hakula. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa malezi, na pia mlezi wa Wapentekoste. Mtu mwema, ambaye hajawahi kumchapa mwanafunzi bila kumwombea kwanza. Alituita wote wawili ofisini. Mimi nikapigishwa magoti mlangoni kwa kosa la kutoa Amina isiyo na sala mbele yake, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Gwalugano, umesahau kuomba?"

"Sikusahau, Mwalimu. Sina cha kuomba."

"Wewe ni dhehebu gani?"

"Sina, Mwalimu."

"Kila mtu anayo dini. Mbona kila Jumapili uko kwenye ibada?"

"Siko, Mwalimu."

Hapo Mwalimu Yesaya akatuma viongozi wa dini waitwe. Wakaulizwa, na ikagundulika kwamba Wapentekoste siku zote walidhani Gwalugano ni Mmoraviani, Wamoraviani walidhani ni Msabato, Wasabato walidhani ni Mkatoliki, na Wakatoliki, ambao ni wengi, hawakuwahi kujihesabu.

"Lakini baba yako namfahamu," Mwalimu akasema. "Ni mzee wa kanisa pale Ikinga. Amekulea kwenye imani."

"Baba anayo, Mwalimu, na ni ya kweli. Mimi nimeitafuta sijaipata. Nikisema ninayo, nitakuwa namdanganya baba, nakudanganya wewe, na huyo mnayemwomba pia."

"Usinifundishe. Jumapili hii utakuwa kwenye ibada, na utasimama ukiri mbele ya watu. Usipokiri, Jumatatu asubuhi unapanda gari kwenda Ikinga, na usirudi hapa bila baba yako."

Sote tulijua maana ya hukumu hiyo. Likizo iliyopita mzee yule alikwisha kutangaza kwamba asiyeshukuru mezani kwake hana sahani mezani kwake. Asingemrudisha mtu shule. Na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia kiasi kwamba watahiniwa walikuwa wakitaja kanuni za fizikia usingizini. Gwalugano alitaka kuwa fundi wa mitambo ya umeme. Akiukosa mtihani ule, angerudi kulima kahawa ya baba yake na kushukuru kwa lazima mara tatu kwa siku.

Kesho yake viongozi wa dini wakamwendea, maana nafsi iliyo wazi ni kama kiti kitupu kwenye basi. Damiano alimpelekea rozari. Zuberi alimpelekea tende, Gwalugano akazipokea, akashukuru, akala, akabaki vilevile. Clement alikuja na mkate mzima na hoja.

"Kaka, wewe sema tu unaamini. Utafanya mtihani wako, utaondoka. Nani atajua?"

"Si mnasema yupo anayejua?" Gwalugano akamjibu.

Clement akaondoka na mkate wake.

Nami, nikiona hali hiyo, nikaamua kuingilia kati. Nina uso unaoaminika. Nimeufundishwa na madereva pale Tunduma wanaoapa kwamba tairi lililobaki nyuzi ni jipya. Siku iliyofuata, kwenye paredi ya asubuhi, nikanyoosha mkono na kutangaza kwa unyenyekevu kwamba tumemwonea Gwalugano: yeye ana dini, tena ya zamani sana, inayoitwa Wakimya, na sala yao ni kunyamaza.

Mwalimu Yesaya akanisogelea. "Ilianzia wapi dini hiyo?"

"Milimani, Mwalimu."

"Maandiko yake yako wapi?"

"Hawaandiki, Mwalimu. Ni Wakimya."

Akasema atalifanyia kazi. Lakini watu hawakusubiri kazi yake. Jioni ile Wakimya walikuwa meza mbili, na sababu zao zilikuwa za kiroho kabisa: dini yenye sala ya kunyamaza, ibada isiyo na muda maalumu, na inayoruhusu mtu kuabudu akiwa amelala kitandani, ina mvuto wake. Siku ya pili wakawa na mwenyekiti, katibu, na mhazini anayekusanya sukari. Wakaunda kwaya. Ilifanya mazoezi baada ya masomo ya jioni, watu wamesimama kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, na hakuna aliyetoa mlio. Brenda wa kidato cha pili alifukuzwa kwenye kwaya kwa kunyamaza vibaya.

Ijumaa wakagawanyika. Kundi moja lilishika kwamba ukimya wa kweli ni wa macho yaliyofumbwa. La pili likashika macho wazi, likitoa ushahidi kwamba wanaofumba macho wanaibiwa biskuti. Hawakusalimiana tena. Jambo moja tu walikubaliana: kumwita Gwalugano mbele ya kamati ya pamoja, kwa tuhuma za imani vuguvugu. Alipoulizwa kama anaamini katika Ukimya, akasema hapana. Wakamtoa kundini.

Basi nilikuwa nimeanzisha dini kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye pekee aliyefukuzwa.

Nilimkuta nyuma ya jiko akipasua kuni. Nikakaa juu ya gogo.

"Pole," nikasema.

"Hivi Nesta, ulikuwa na nia njema?"

"Nilikuwa na nia ya kucheka. Nia njema ilinipata njiani."

Akacheka kidogo, akaendelea kupasua. "Sijakataa ya kwao ili nikubali ya kwako."

"Sasa Jumapili utafanyaje?"

"Nitaenda nitakakopelekwa. Kukaa nitakaa, nitasikiliza kwa heshima. Kusema ninaamini, hapana."

"Basi Jumatatu unaenda Ikinga."

"Ndiyo." Akaokota vipande, akavipanga ukutani kwa ukubwa wake. "Kinachonisumbua ni Jumapili. Mama Judith anajua nipo."

Sikuelewa, na sikuuliza. Mama Judith alikuwa mpishi wetu. Kila Jumapili asubuhi alibandika sufuria kubwa ya wali, akaufunika, akapalia mkaa juu ya mfuniko, kisha akavaa kitenge chake cha umoja wa wanawake na kuteremka kanisani kijijini. Wapishi wenzake vilevile. Sisi tulikwenda kwenye ibada zetu, Waislamu walikuwa na darasa lao la dini saa hizohizo, na Wasabato, ambao Jumamosi hawafanyi kazi, walikuwa wakilipa kazi zao porini kwenye kuni. Tulirudi tukakuta wali umeiva, umechambuka, unanukia. Hatukuwahi kujiuliza nani aliupunguzia moto na nani aliuondoa mkaa wa juu. Nadhani tulichukulia kwamba ni neema.

Jumapili ikafika. Mwalimu Yesaya alimfuata Gwalugano mwenyewe, akiwa amevaa tai. Alimkuta anakoka moto, sweta lake limetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko.

"Twende, mwanangu."

"Mwalimu, leo kuna sufuria."

"Kuna mambo makubwa kuliko sufuria."

"Basi naomba nimwambie Mama Judith."

"Mama Judith ni mtu mzima. Twende, tumechelewa."

Wakaondoka. Mama Judith alitoka stoo na mchele, akabandika, akapalia mkaa, akaliona sweta kwenye msumari, akadhani kijana wake kaenda kuteka maji. Akajifunga kitenge, akateremka zake.

Wapentekoste waliabudia kwenye maabara, kule juu kabisa, katikati ya chupa za tindikali na mifupa ya sungura. Mimi kwa kuandikishwa ni Mmoraviani, lakini Jumapili ile nilihisi wito wa kwenda maabara. Wengi waliuhisi. Watu walisimama mpaka madirishani kumwona mpagani wetu wa Ikinga akikiri. Gwalugano alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Walipoimba hakuimba, ila watu waliposimama alisimama, na waliposali aliinamisha kichwa kama mtu anayewapisha wengine njiani.

Clement alihubiri kuhusu moto. Alihubiri vizuri, lazima nikiri. Alitueleza moto usiozimika, akaeleza joto lake, akafika kwenye moshi.

"Kuna watu humu ndani," akasema taratibu, "nikifumba macho, nasikia harufu ya moto ule."

Tukafumba macho. Nami nikaisikia. Ilikuwa harufu halisi, kali, yenye uchungu fulani, na kulia na kushoto kwangu watu wakaanza kutoa machozi. Msichana mmoja akarudisha kalamu ya mwenzake. Mwenyekiti wa Wakimya wa macho wazi akafumba macho.

"Ni nani," Clement akauliza, sauti inatetemeka, "atakayesimama sasa, kabla hajachelewa?"

Gwalugano akasimama.

Maabara ikalipuka kwa vifijo. Mwalimu Yesaya aliruka kutoka kwenye kiti chake, machozi yanamtiririka, akamkumbatia.

"Mwalimu, wali," Gwalugano akasema.

"Utakula, mwanangu. Utakula mezani kwa Bwana."

"Wali wa shule, Mwalimu. Unaungua."

Akajaribu kuelekea mlangoni. Clement akawatahadharisha watu kwamba mwovu hapendi kuiachia nafsi na sasa anamletea kijana mawazo ya tumbo. Ikabidi ashikwe. Akawekewa mikono kichwani, mabegani, mgongoni, na kila alipovuta kwenda mlangoni, ndivyo ilivyokuwa dhahiri kwamba pambano ni kubwa. Waliimba. Waliomba kwa zamu. Gwalugano aliendelea kusema, kwa adabu kabisa, kwamba mkaa wa juu haujatolewa, na kila mtu alimsikia, na hakuna aliyedhani anazungumzia mkaa.

Aliyetuokoa ni Damiano. Alifungua mlango kwa teke, rozari shingoni, anahema.

"Nyie hamna pua? Wali unaungua."

Nimeishi kwenye mpaka, nimeona watu wakikimbia kwa sababu nyingi. Sijaona tena mbio kama zile. Wakatoliki walitoka kidato cha pili, Wamoraviani maktaba, Waislamu chumba cha jiografia, Wasabato wakatupa kuni huko njiani. Kama kuna siku dini zote zilielekea mahali pamoja kwa nia moja, ilikuwa siku ile, kuteremka kilima.

Tulichelewa. Mkaa wa juu ulikuwa umekwisha kuwa majivu, na Gwalugano alipoondoa mfuniko tuliona kitu cheusi, kigumu, kinachotoa moshi. Akachoma mwiko katikati. Mwiko ukasimama wenyewe.

Ukimya ukaizunguka shule nzima. Hata Wakimya walikiri kwamba hawajawahi kufikia kiwango kile.

Mkuu wa shule, Madam Roda, alifika akiwa bado na joho la kwaya ya Wamoraviani. Alitazama ndani ya sufuria, akalitazama sweta kwenye msumari, akamtazama mwenye sweta.

"Wewe ndiye unayekaa hapa kila Jumapili?"

"Ndiyo, Madam."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza. Mama Judith aliniona sina pa kwenda, akaniomba."

"Na leo ulikuwa wapi?"

Gwalugano alimtazama Mwalimu Yesaya, kisha akatazama chini, na huo ulikuwa uungwana ambao mimi nisingeuweza.

"Alikuwa nami, Madam," Mwalimu Yesaya akasema. "Nilimpeleka ibadani. Na bado nasema, mtu asiyemcha Mungu hatuwezi kumwacha hivihivi. Kesho anapaswa kwenda kwao."

"Sawa," Madam akasema. "Kesho aende. Nataka tu kujua, Jumapili ijayo nani atakaa na sufuria?"

Akawageukia viongozi wa dini mmoja mmoja.

"Clement?"

"Madam, mimi ndiye mhubiri."

"Damiano?"

"Misa hairuhusu, Madam. Labda Waislamu, wao siku yao ni Ijumaa."

"Sisi tuna darasa," Zuberi akasema. "Na kaka Damiano, ikiungua mtasema tulikusudia. Bora Wamoraviani, ni wapole."

"Tuna kwaya," Gloria akasema. "Madam mwenyewe yuko sauti ya pili."

Priska, kiongozi wa Wasabato, akasema wao wako porini kwenye kuni, na bila kuni hakuna sufuria ya kulinda.

Nikaona nafasi ya kutoa mchango wangu kwa taifa. Nikanyoosha mkono. "Madam, mimi naweza kujitolea. Nitakaa na wali. Peke yangu."

"Hapana," akasema Clement.

"Hapana," akasema Damiano, Zuberi, Gloria na Priska, kwa pamoja, na shule nzima nyuma yao. Hata Mwalimu Yesaya alisema hapana. Nataka ikumbukwe kwamba makubaliano ya kwanza ya dini zote katika historia ya shule yetu yalipatikana kwa ajili yangu.

"Kwa nini si Nesta?" Madam akauliza.

"Atakula nusu, Madam," Clement akasema. "Wali wa juu wote."

"Na huyu kwa nini hakula?"

Watu wakageuka kumtazama Gwalugano. Miaka yote ile alikuwa amekaa na sufuria ya wali, baridi inauma, njaa inauma, hakuna anayemwona. Na kila Jumapili alisimama kwenye foleni na sahani yake, nyuma ya kidato cha kwanza.

"Ni wa watu wote," Gwalugano akasema, akishangaa kidogo kuulizwa.

Zuberi akakohoa. "Madam, mwezi wa Ramadhani ndiye anayetuamsha daku. Hajapitiliza hata mara moja."

"Zamu yetu ya kukata majani Jumamosi anaifanya yeye," Priska akasema. "Tulidhani ni Mkatoliki anajitolea."

"Yesaya," Madam akasema kwa upole, "wewe ukiwa mwalimu wa zamu, sufuria ya wali ikaachwa mbele yako, umewahi kumcha Mungu kiasi cha kutoonja?"

Mwalimu Yesaya ni mtu mkweli. Ndiyo maana nimesema ni mwema. Alifikiri. "Huwa naonja, Madam," akasema. "Kwa sahani."

Madam akamgeukia Gwalugano. "Na wewe unataka nini?"

"Nataka kufanya mtihani, Madam. Na zamu yangu ya kuombea chakula ikifika, nisiambiwe niombe."

"Utasema nini?"

"Karibuni chakula."

Ukapita mnong'ono kwenye umati, na nawaapia haukuwa wa hasira. Watu walikuwa wameukumbuka mvuke.

Madam akaamua. Kijana atabaki. Sufuria ya Jumapili ni yake mpaka amalize mtihani, na kabla ya kuondoka atamfundisha mtu mwingine, asiwe Nesta. Siku ya zamu yake atasema hayo maneno yake mawili, na mwenye sala yake ataisali moyoni. Siku nyingine zote, wenye dini waombe kama wanavyoomba, kwa urefu wanaoutaka, ila kabla ya kupakua. Clement akauliza itakuwaje kuhusu kuombea kitu kisichoonekana. Madam akamwambia ajaribu, huenda akazoea.

Mchana ule tulikula ukoko. Tuliuvunja kwa shoka la kuni na kila dini ikapata kipande chake. Wakimya walivunjwa rasmi jioni, na sukari ikarudishwa kwa wenyewe, isipokuwa ile iliyokuwa imetangulia mbinguni.

Jumatatu gari la Ikinga liliondoka bila Gwalugano.

Msije mkadhani Mwalimu Yesaya alibadilika. Bado aliamini kijana amepotea, na Gwalugano bado aliamini hajapotea. Jumapili iliyofuata nilijificha nyuma ya rundo la kuni, kwa sababu za kitaaluma zinazohusu wali wa juu, nikamwona Mwalimu akiingia jikoni na tai yake. Gwalugano alikuwa amechuchumaa kando ya sufuria. Akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, kaa. Sitakuchukua leo. Nimekuja kukuombea tu, kisha niende."

"Haya, Mwalimu. Asante."

Mwalimu akafumba macho, akanyoosha mkono mmoja juu ya kijana na mwingine juu ya sufuria, akaanza. Gwalugano alivua kofia yake ya sufu, akasimama kimya, anasikiliza. Mwalimu akamwombea macho ya rohoni. Akamwombea mtihani. Akamwombea baba yake kule Ikinga, moyo wake ulainike. Akaingia kwenye taifa. Gwalugano akautazama mkaa wa juu, akamtazama Mwalimu, akautazama tena mkaa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "samahani. Muda wa kuondoa mkaa umefika."

Mwalimu Yesaya akafumbua jicho moja. Alikuwa amefika kwa madereva wa malori, na nyuma yao kulikuwa na wajane na mvua. Nikauona uso wake ukipigana vita vikubwa.

"Amina," akasema, akamshikisha koleo.